Kimya cha Kungoja Kicheko

Kwenye skrini, mlango wa jumba la mizuka ulikuwa wa kadibodi, na kila ulipobamizwa ukuta mzima ulitikisika. Nilikuwa katika chumba chetu cha maonyesho chenye viti kumi na viwili, fomu ya tathmini mapajani, na kabla dakika ya kumi haijatimia nilikuwa nimeshaandika: Haina thamani. Itupwe. Rafu za hifadhi yetu ya filamu zilikuwa zimejaa pomoni. Filamu ninayoikataa mimi hupelekwa tanuruni siku ya Ijumaa, na hii ilikuwa nakala pekee.

Mama alikaa kando yangu. Nilimwita kikazi tu, atutajie majina ya waigizaji, maana wenzake wote wameshatangulia. Yeye ndiye aliyekuwa mzuka. Tangu utotoni nimesikia kwamba mama yangu aliwahi kucheza filamu. Leo ndiyo naiona, na kumbe nyota mwenyewe ni shuka lenye matundu mawili.

Kilikuwa kichekesho cha jukwaani kilichohamishiwa mbele ya kamera kizembe. Warithi watatu wanalala katika nyumba ya marehemu. Atakayevumilia hadi asubuhi ndiye mwenye nyumba. Mmoja mnene, mmoja mwoga, mmoja ana kigugumizi. Mwandishi hakujisumbua hata kidogo. Mzuka unatokea, mnene anajitosa chini ya kitanda, makalio yanabaki nje. Hapo wote wanaganda. Hawasemi, hawajongei, wanatukodolea macho kama watu waliosahau walichotumwa dukani. Kisha wanaendelea. Mara ya kwanza nilidhani mkanda umenasa. Mara ya tano nilijua ni upumbavu mtupu.

"Hivi mama, mbona mnaganda hivyo?"

"Tunawaachia watu wacheke."

"Watu gani?"

"Tuliicheza jukwaani miaka minne, mwanangu. Ukisema neno lako kicheko hakijaisha, linamezwa. Kwa hiyo tulikuwa tunahesabu. Pale kitandani, mpaka nne. Kwenye supu, mpaka sita."

"Lakini humo studioni kulikuwa na kamera na ukuta."

"Ndiyo. Hakuna aliyetuambia tuache."

Nilicheka puani. Watu wazima, wakiusubiri ukuta ucheke! Nilimwonea aibu, kisha nikamkasirikia kwa kunifanya nimwonee aibu mbele ya fundi wa projekta, ambaye kesho angewasimulia wenzangu ofisini.

"Umeshaandika?" aliuliza.

"Bado," nikadanganya, nikaifunika fomu kwa kiganja.

Ndipo nilipoviona vidole vyake. Kila filamu ilipoganda, viligonga mkono wa kiti taratibu: moja, mbili, tatu, nne. Na katika kimya hicho hakuwa akiitazama skrini. Alikuwa akinitazama mimi, kwa pembe ya jicho, na hesabu ilipokwisha alirudisha uso wake mbele. Sijui alikuwa ameshafanya hivyo mara ngapi.

Warithi walitimua mbio mmoja baada ya mwingine, wakiangusha ukuta uliokuwa umebaki. Mzuka ukaachiwa nyumba. Ukaketi mezani, ukavuta bakuli, ukachota supu, na kijiko kikagota kwenye shuka, maana lilitobolewa macho tu, mdomo ukasahauliwa. Shuka likalowa. Mzuka ukaganda, ukatugeukia.

Ni mzaha wa kitoto. Kazi yangu ni kujua kibaya, na kile kilikuwa kibaya. Vidole vya mama viligonga moja, mbili, tatu. Nilijaribu kucheka. Nne. Tano. Sita. Kicheko changu kilitoka kikavu, mzuka ukiwa umeshakiinua kijiko tena.

"Umechelewa," alisema mama.

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu wa kazi anayemrekebisha mwenzake.

"Fundi," niliita, "irudishe nyuma."

"Kutoka wapi?"

"Kwenye supu."

Mama alijiweka sawa kitini. Mkanda ulirudi ukilia, ukapitiliza kidogo hadi ukuta ukasimama tena, na mimi nikaanza kuhesabu.