Uzito wa Jina la Lusweti

Syombua, mama yake Mbula, alitundika mizani kwenye boriti ya kibanda chake pale Silanga, akapima makaa ya mwalimu, akapima viazi vya mama mmoja wa kanisa, kisha akamwambia Lusweti ataje jina lake. Lusweti aliinama juu ya sahani, akalitaja polepole. Mshale ulisogea kidogo, ukarudi.

"Hata kitunguu kinakushinda," Syombua akasema. "Makaa ya mkopo leo hupati."

"Mama Mbula, nimewahi kukukwepa?"

"Hujawahi. Lakini mizani ndiyo imesema."

Hivyo ndivyo watu walivyokopeshana Silanga miaka hiyo. Aliyelipa siku aliyoahidi, jina lake liliongezeka uzito. Aliyepita uchochoro mwingine ili asikutane na mdai wake, lake lilipungua kabla hajafika nyumbani. Hakuna aliyeshangaa. Watu walilalamika tu kuhusu wazazi waliopima majina ya wakwe bila ruhusa.

Lusweti alichomelea mageti Sarang'ombe kwa mashine ya kukodi. Mwenye mashine, mzee Githinji, alikuwa anarudi Nyeri kulima, na alikuwa amemwahidi kumuuzia yeye kwanza, mradi apate mkopo kabla ya mvua ya vuli. Akiikosa, angebaki kibarua wa mtu.

Syombua aligonga sahani kwa ukucha, akasikiliza. "Kuna mtu analila jina hili upande mwingine. Una ndugu?"

Alikuwa naye. Babu yao alipofariki, wajukuu wawili waliozaliwa mwaka huo walipewa jina lake, kama ilivyo desturi kwao Bungoma. Mmoja alikuja Kibera. Mwingine alikwenda Kawangware, upande wa Gatina, akapenda nyama choma ya mkopo.

"Si ujiite lile la ubatizo," Syombua akashauri. "Ambrose ni jepesi, lakini ni safi."

"Ambrose ni la kanisa. Hili ni la babu. Silitupi kwa sababu mjinga mmoja anapenda mbavu."

Jumapili baada ya ibada alitembea hadi Gatina. Binamu yake alikuwa nje ya bucha, akichokoa meno.

"Niaje, mimi," binamu akamsalimu.

"Poa, mimi. Umenila mpaka nimebaki kitunguu."

"Anayekula ni babu. Mimi natafuna tu."

"Basi kesho babu ataamka mapema. Kuna kazi."

Binamu hakuwa na pesa, lakini alikuwa na mikono. Wawili hao walizunguka Gatina kwa kila aliyekuwa akimdai binamu. Walichomelea wavu wa bucha, jiko la muuza chapati, bawaba za duka la Mukai. Kila mahali Lusweti alitaja siku ya kumaliza, na siku hiyo kazi ilikuwa tayari. Mara moja umeme ulikatika, akaona hatawahi, akaenda kwa Mukai mapema kumwambia. Jioni hiyo jina liliongezeka kuliko lilivyowahi kuongezeka kwa kazi iliyokamilika. Kwa Syombua alianza kukopa makaa kidogo, hata alipokuwa nayo, na kurudisha alivyosema.

"Unakopa ya nini na gunia limejaa?" binamu akauliza.

"Jina lisilokopa, mizani hailijui."

Jina lilifika uzito wa kabichi, likafika wa mbuzi, halafu likavunja kulabu ya mizani. Lilianguka chini likakaa hapo, la rangi ya chuma kilichopoa. Binamu alikodi mkokoteni. Walilisukuma wakipanda hadi barabara ya Ngong, mpaka mjini, na Lusweti alitembea mbele akiwa amevaa koti, kifua mbele, kama mtu anayesindikiza bibi harusi.

Kwenye ofisi ya mikopo, mbao za sakafu zilipasuka. Ofisa, kijana mwenye tai, alisogeza kiti chake.

"Ni zito kweli," alikubali. "Hati ya shamba unayo?"

"Sina."

"Unaishi wapi?"

"Silanga, Kibera."

Ofisa alitandaza ramani, akatafuta kwa kidole. Mahali pa Silanga palikuwa kijani kitupu. "Hapa ni msitu," akasema. "Msitu hatukopeshi."

"Basi andika hivi: mti umekuja, umelipa madeni yake yote, na unangoja jibu."

Ofisa hakuandika. Walilirudisha jina kwa mkokoteni, na mteremko ulikuwa mgumu kuliko mlima.

Mashine ilinunuliwa na mtu mwenye hati. Syombua alijaribu kulipima jina la mnunuzi huyo, likapeperushwa na upepo kutoka kwenye sahani. Mtu huyo alimwajiri Lusweti kibarua kwenye mashine ile ile. Lusweti alichomelea nayo kwa mkono wenye heshima ile ile. Jina alilikalisha mlangoni, na watoto wakawa wanaliparamia.

Kisha ikaja mvua ya El Niño. Bwawa lililo chini ya mtaa lilifura, maji yakaingia Silanga yakibeba mabati na vitanda. Lusweti na binamu yake walifunga nyumba kwenye jina kwa waya. Majirani nao wakaleta waya zao. Syombua akafunga kibanda chake pamoja na mizani. Upande wa chini nyumba nyingi zilikwenda. Zilizofungwa kwenye jina hazikusogea.

Maji yalipopungua, maofisa, pamoja na yule kijana wa mikopo, walikuja na ramani ile kuangalia hasara ya msitu. Walizunguka kwenye tope, wakahesabu, wakaandika kwamba hakuna mti ulioanguka. Yule mwenye tai, akirudi nyuma ili aone vizuri, alijikwaa kwenye jina akakaa chini.

"Hiki ni cha nani?" aliuliza.

"Chetu," akasema Lusweti, akamnyanyua, akampangusa tope.