Wasomaji wa Theluthi

"Mwanamke gani?" Mwenyekiti aliuliza. "Kitabu kile hakina mwanamke."

Muuguzi akatua ndoo yake ngazini. "Hakina mwanamke? Mzee wangu, hiyo miwani unaivaa ya nini? Kitabu chote ni mwanamke. Kamficha mama yake mzazi kabatini ili wahesabuji wasimwone, na mhesabuji mwenyewe anampenda. Nimelia mpaka mto ukalowa."

"Binti, kitabu chote ni mipango. Mifereji inatiririka, taa zinawaka, hakuna foleni, na kila mlango umeandikwa idadi ya watu walio ndani. Umesoma kitabu kingine wewe."

"Nimesoma hichohicho. Mji Uliohesabiwa."

"Basi umekisoma ukiwa umelala."

Mimi nilikuwa mlangoni kwangu, ghorofa ya pili, namsuka mke wa Mwenyekiti. Mlango wangu huwa wazi kutwa, maana mlango uliofungwa hauingizi wateja wala habari. Mama wa watu mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko, nami nikamwambia atulie nisije nikampinda njia.

Nilijua vizuri kwa nini hawaelewani. Jengo zima lilijua, isipokuwa wao wawili.

Kile kitabu alikileta Mwalimu wa chumba cha chini. Ni riwaya ya zamani, yenye sifa, moja ya zile ambazo watu huzitaja wakitaka waonekane wana kichwa. Alisema kila mtu mwenye akili zake lazima aisome, na kwa neno hilo moja jengo zima likaitaka, hata wale ambao maishani wamesoma risiti tu. Lakini nakala ilikuwa moja, nene kama tofali, na anayeichukua haitoi. Ndipo Fundi viatu, tunayemwita Gundi, akasema hilo halina shida. Akachukua kisu chake cha kukatia ngozi, akakipasua kitabu mapande matatu, kila pande akalishona kwa uzi wa viatu na kulivisha jalada la ngozi iliyobaki kwenye buti za mtu. Akasema kila mtu ashike lake, wakimaliza wabadilishane.

Nani abadilishane? Mwenyekiti alipata mwanzo, Muuguzi katikati, Mwalimu mwisho. Kila mmoja alipofika ukurasa wa mwisho wa pande lake akalifunga, akashusha pumzi, akatoka kwenda kuwafundisha wenzake. Mwalimu alidai alikisoma chote zamani chuoni, ila ukimuuliza mwanzo unaendaje anashikwa na kikohozi. Gundi hakusoma hata mstari. Ukimuuliza kitabu kikoje atakwambia karatasi zake ni duni, hazishiki sindano.

Tungecheka yakaisha, kama Mwenyekiti asingekuwa Mwenyekiti. Mzee huyu, mwenyekiti wa wapangaji wa jengo letu, alikuwa karani maisha yake yote, na mtu aliyekuwa karani hastaafu, anahamishia tu meza nyumbani. Alipousoma ule mji wenye namba milangoni, akaona hatimaye dunia imemwelewa. Wiki hiyohiyo akabandika tangazo ukutani pale ngazini: kila mlango utapakwa namba ya wakazi kama ilivyo kwenye mkataba wa pango, na waliozidi wahame kabla ya Jumamosi. Ijumaa tungepiga kura.

Kwangu mkataba unasema mimi, mume wangu na binti yetu. Waliozidi ni dada yangu na mapacha wake.

Dada ndiye mkubwa kwetu. Alikuja na godoro, mabegi mawili na hao watoto, katoka kwenye ndoa ambayo sitaisimulia hapa kwa kuwa nikianza sitaacha. Hakuwa na pengine pa kwenda. Mama hayupo, kaka yetu mke wake ana ulimi wa wembe. Nilimwambia akae, nyumba ni mioyo. Lakini tangu tangazo libandikwe, Dada akawa anatembea kwa vidole. Watoto wakilia anawaziba kwa titi hata kama wameshiba. Ukimwita anaitika kwa sauti ya mtu aliye ofisini kwa watu.

Nilimfuata Mwenyekiti, nikamwomba kwa heshima zote. Akanijibu kwa methali. "Mgeni siku mbili, mwanangu. Ya tatu mpe jembe."

"Alime wapi, baba? Koridoni?"

Akaniambia nisome kitabu.

Ijumaa tukajaa kwenye karakana ya Gundi, tumekalia marobota ya ngozi, harufu ya gundi imetupanda kichwani. Mwenyekiti akasimama na pande lake la kitabu, akasoma yale ya mifereji. Alisoma vizuri, sitamnyima haki yake. Watu wakatikisa vichwa kukubali, hasa kwenye foleni kuisha.

Mwalimu akanyanyuka taratibu, kama mtu anayebeba yai. "Ndugu zangu, naona mzee hajafika mwisho. Mwishoni Msimamizi Mkuu, yuleyule aliyeujenga mji, anapata mjukuu. Nyumba yake inazidi mtu mmoja. Wahesabuji wake mwenyewe wanamtoa nje akiwa na ndara miguuni."

Nikasema moyoni, leo kapatikana.

Mwenyekiti akavua miwani, akaipangusa. "Basi mwandishi alichoka," akasema. "Mnawajua hawa watu. Wanaanza kazi vizuri, halafu wakikaribia kumaliza wanalipua. Mwanzo ndio kitabu. Huko mwisho ni uvivu."

"Na mama wa kabatini alipona?" Muuguzi akauliza, macho tayari yana maji.

"Mama yupi?" Mwalimu akasema.

"Mama yake yule dada."

Mwalimu akakohoa. "Hiki si kitabu cha kabati, ndugu yangu. Ni kitabu cha uhuru wa binadamu."

"Uzi wangu umeshika lakini?" Gundi akauliza.

Wakabishana mpaka Mwalimu akaanza kusema "kwa mtazamo mpana", na hapo ndipo watu huanza kutafuta viatu vyao. Mwenyekiti akaitisha kura kabla hawajatoroka.

Gundi alikataa pendekezo. Alisema mapacha wakikua watavaa viatu, na miguu yao ni minne, yeye hawezi kuifukuza riziki mlangoni. Sababu si nzuri, ila mkono ulikuwa upande wetu, nikaupokea. Wengi wakainua mikono kumuunga mkono Mwenyekiti, kwa kuwa ufunguo wa pampu ya maji anao yeye, na mtu hagombani na maji. Mwalimu alikaa na mikono mapajani.

"Mwalimu," nikamwambia, "uhuru wa binadamu umeishia wapi?"

"Msomaji makini hachukui upande," akanijibu.

Nikageuka kumtafuta Muuguzi. Huyu nilimtegemea. Huyu alikuwa amemlilia bibi wa karatasi mpaka mto ukalowa. Nikaukuta mkono wake uko juu, umenyooka, upande wa Mwenyekiti.

"Shoga," nikasema. "Na yule mama wa kabatini?"

Hakuona haya hata chembe. "Yule alikuwa hapigi kelele. Mimi nafanya kazi usiku, mchana nalala, na hao watoto wenu wanatwanga dari yangu kama wana mchi."

Nyani haoni kundule, nilijua, ila sikujua kuna anayelisomea na kulililia halafu bado asilione. Pendekezo likapita. Tulipopanda juu nikamsikia Dada anakunja nguo za watoto.

Jumamosi nikawaambia wateja wangu wote waje siku hiyohiyo. Nilitaka Mwenyekiti akija akute watu, aone aibu, kama bado anayo. Wakaja, na wasiosukwa wakaja pia, maana mambo kama haya hayahitaji mwaliko. Mke wa Mwenyekiti ndiye aliyetangulia, akajikalia karibu na jiko na kuanza kumenya vitunguu bila kuombwa. Mkeka haukuonekana kwa miguu. Dada alikuwa amekalia begi lake kando ya mlango, pacha mmoja mapajani, wa pili kashikwa na mtu, mwenyewe amevaa kabisa kama anayesubiri gari. Mara tatu nilimwambia avue kitambaa akae vizuri. Mara tatu akaniambia hajambo hapo alipo.

Saa ya chakula Mwenyekiti akafika, mkono mmoja kopo la rangi nyeupe, mwingine brashi. Akachungulia ndani.

"Mko wangapi humu?"

"Ingia uhesabu," nikasema.

Akajaribu, kweli tena, midomo inamcheza. Watu wanapishana, mmoja anakwenda kunawa, mwingine anarudi. Alipofika kona ya jiko akaganda.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Nakaanga," mkewe akamjibu, hata hakugeuka. "Nyumbani sijapika. Sahani zimo kabatini, ukitaka uzile."

Watu walicheka, nami nilicheka kwa nguvu kuliko wote, sifichi. Mzee akasimama palepale na kopo lake, shingo imemwingia kwenye kola. Akaona amgeukie asiyecheka.

"Mama Pacha," akamwambia Dada, "mimi sina ubaya na wewe. Utaratibu ni utaratibu. Ungekisoma kile kitabu ungenielewa."

Dada akamtazama. Nikajua sasa ataniaga, nikaliacha chanuo nililoshika.

"Sijakisoma, baba," akasema. "Nina watoto wawili, nasoma saa ngapi?"

Akainuka. Akamtia mtoto kiunoni, akalisukuma begi kwa mguu mpaka chini ya kitanda changu, huko ndani kabisa, halafu akafungua kitambaa kichwani na kukitundika kwenye msumari wa mlango. Akachota wali, akamwaga mchuzi juu yake, akachagua kipande kizuri cha nyama. Sikumwambia afanye hivyo. Sahani aliichukua ya mume wangu.

Mwenyekiti bado alikuwa kizingitini, brashi inadondosha rangi kwenye kiatu chake.

"Hilo kopo liache hapo nje, litatunukia kwenye chakula," Dada akamwambia. "Wewe ingia. Karibu tule."