Upande B wa Vumbi la Stesheni

Usiku wa kuamkia leo nimeota redio kaseti yangu imeingia dukani kwa miguu yake, ikaomba kiti. Duka lenyewe nilishalifunga miaka kumi na tisa iliyopita, siku hizi pale wanauza chaja na vocha. Lakini ndotoni lilikuwa wazi, na mimi nilikuwa nyuma ya kaunta nimevaa msuli wa kulalia.

"Shaweji," redio ikasema, "nimekuletea mgonjwa."

Mgonjwa alikuwa kanda. Alilala chali juu ya kaunta, amefunikwa khanga hadi kifuani, na vitundu vyake viwili vya mgongoni vimezibwa kwa karatasi. Nikamjua hapo hapo, maana nilimziba mimi.

Kwa wasiojua, kanda ya muziki iliyotoka kiwandani huwezi kurekodi juu yake, vile vitundu vinazuia. Ila ukitafuna karatasi ukavijaza, inakubali. Sisi wauza kanda wote tulifanya hivyo kwa kanda zilizotudodea. Na kwangu hakuna iliyododa kama *Vumbi la Stesheni* ya Nyuzi Nne.

Nyuzi Nne walikuwa vijana watatu wa hapa hapa Morogoro. Walichana mistari juu ya gitaa la besi la kweli, fanki tupu, wakati wenzao wote wanatumia kinanda. Watu wakasema aah, huu muziki wa baba zetu. Mpiga besi alikuwa rafiki yangu Audifas. Aliniletea maboksi mawili kwa baiskeli, jasho linamtiririka, akaniambia, "Kaka, usiishie upande A. Geuza." Nikamwambia sawa, na sikugeuza hata siku moja. Baadaye nikaanza kutafuna karatasi. Watu wakaja kurekodiwa mahubiri, kaswida, salamu za harusi, nami nikawarekodia humo humo hadi maboksi yakaisha. Ya mwisho nikaibakiza mwenyewe: upande A nilishaujaza mahubiri, upande B nikarekodi dakika za mwisho za fainali ya mpira redioni. Tukafungwa.

Audifas alifariki mwaka juzi. Binti yake Redempta anaolewa Jumamosi hii, na anataka aingie ukumbini kwa besi la baba yake. Kwao hakuna hata kanda moja. Amenipigia mara nne: "Ba'mdogo, ile kanda umeiona?" Nami najibu, "Naitafuta, mama." Mwongo mkubwa mimi.

"Anaumwa nini?" nikaiuliza redio, kama vile sijui.

"Hakumbuki yeye ni nani."

Kanda akafumbua macho. "Mimi ni mahubiri?" akaniuliza. "Au ni mpira?"

Nikamvutia khanga hadi shingoni.

"Mpeleke upande B," redio ikasema.

"Ndiyo wapi huko?"

"Geuka."

Nageuka. Niko katikati ya uwanja, jua la saa tisa, kanda nimembeba mgongoni kwa khanga kama mtoto. Majukwaa yamejaa. Mashabiki wote ni zile kanda za maboksi mawili, kila mmoja amezibwa vitundu, na wanashangilia kwa sauti za wachungaji. Refa ni kalamu ya wino wa bluu, ile niliyokuwa narudishia kanda ili nisimalize betri. Ananifuata mbio na daftari.

"Uliondoka dakika ya ngapi?"

"Kipenga cha mwisho," nasema. "Tulifungwa. Nikazima redio kwa hasira nikaenda kulala."

"Hukusubiri?"

"Nisubiri nini, refa? Mpira umekwisha."

"Mpira ulikwisha," anasema refa, anaandika. "Kanda ilikuwa bado."

Ananionyesha kwa kifuniko chake. Kule kwenye kibendera cha kona pamebaki kipande cha nyasi kibichi, upana wa mkeka, na juu yake Audifas amekaa kwenye spika akikaza nyuzi. Uwanja mwingine wote ni vumbi.

Nilikwenda nikasimama pembeni ya nyasi. Viatu nilivua, sijui kwa nini.

"Audifas, nilikufuta."

"Najua," akasema, hakuinua kichwa. "Redempta alipozaliwa nilikuja nikanunua moja kwako, zangu nilikuwa nimeshazigawa zote. Hukuwepo, alikuwepo shemeji, akanipa yenye jalada letu. Tukakaa na mama yake tuisikilize. Mahubiri. Tukasikiliza mpaka mwisho, tukidhani labda mbele kuna wimbo."

"Mungu wangu. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, kaka? Ulikuwa na watoto wa kulisha."

Jamani, bora angenitukana. Nililia pale mbele ya mashabiki wote, na wale wachungaji wakasema amina.

Audifas akampokea kanda, akamlaza mapajani, akachokoa vitundu vyake kwa ukucha. Karatasi ikatoka, kidonge kimoja, viwili. Akaniwekea kiganjani.

"Shika taka zako," akasema. "Na hapa nilipokaa, hujafika bado."

Refa akapuliza.

Nimeamka kumekucha, mama watoto anafagia uani. Ngumi yangu ya kulia ilikuwa imefumbwa mpaka inauma. Nimeifungua. Vidonge viwili vya karatasi, vikavu, vina alama za meno.

Nikaenda kwenye droo ninapoificha ile kanda. Vitundu viko wazi.

Nikaitia kwenye redio, upande B, nikakimbiza hadi kwenye kipenga. Mtangazaji akaaga, mimi wa zamani nikasonya, kikafuata kishindo cha kitufe. Halafu besi. Lile la Audifas, linatembea taratibu kama mtu asiye na deni na mtu. Na sauti yake juu ya besi, anacheka: "Hii ya mwisho ni ya Shaweji wa dukani. Najua ni yeye tu atakayefika huku."

Kanda ikaisha.

Kisha nikampigia Redempta, nikamwambia yote, karatasi na mahubiri na mpira.

"Kwa hiyo kimebaki kiasi gani, ba'mdogo?"

"Kidogo sana, mama."

"Kinatosha kunitoa mlangoni mpaka kwenye kiti?"

Nikaipiga tena, nikatembea nayo kutoka mlango wa chumba hadi dirishani.

"Ukitembea haraka," nikamwambia.