K ya Kali

Ruthu hakuwa na subira na wajinga, na siku hiyo mjinga wa kwanza alikuwa mumewe. Jamani! Bwana wa reli, Mjerumani wanayemtumikia, amekwisha kutamka kwamba jioni maji ya kuogea yasipotoka sawasawa, Yotham atalazwa uani apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Naye Yotham kachutama pale jikoni anachochea kuni tu, macho mekundu kwa moshi.

Nyumba ile ya Mjerumani, jirani na stesheni ya Dodoma, ilikuwa na pipa la shaba lililojengewa jiko chini yake. Yotham ndiye aliyewasha moto, na maji yakishachemka yalikwenda bafuni kwa bomba. Ruthu alikuwa yaya wa mtoto humo humo. Tangu juma lililopita maji ya moto yalitoka kwa kudondoka, na bwana alishakata shauri kwamba Yotham anaiba kuni na kuziuza.

"Moto ukizidi, yatakuja," Yotham akasema, akisukuma gogo jingine.

"Hebu achana na kuni, Baba Anyesi! Zimekukosea nini?"

Ruthu akaingia bafuni, akafungua bilula ya maji ya moto na kutia kidole kwenye kile kijiuzi cha maji. "Mama yangu weee!" Akakinyonya kidole huku akiruka ruka. Maji yanaunguza! Basi moto hauna kosa. Shida haikuwa joto, ilikuwa maji yenyewe ni machache.

Akafungua ya baridi. Yakaruka kwa kishindo yakamlowesha kaniki yote, naye badala ya kukasirika akacheka. Tangi la juu nalo limejaa, halina kosa. Maji ya tangi moja, haya yanakuja mbio na yale yanajikongoja! Hayo ya moto yamekabwa mahali.

Akatoka nje, akalifuata bomba kwa mkono, ukutani, hadi nyuma ya nyumba. Pale chini ya tangi bomba liligawanyika, na kila tawi lilikuwa na kigurudumu cha chuma cha kufungia maji. Kimoja kilikuwa na herufi K, kingine W. Ruthu hakujua kusoma. Yotham ndiye aliyefundishwa na wamisheni, na alijivunia hilo mpaka kero.

"Zinasemaje hizi?" akamwita.

"K ni kali, yaani ya moto. W ni wastani, yaani ya kawaida," Yotham akajibu, kidevu juu.

"Nani kakwambia?"

"Aa, mtu akijua kusoma anaambiwa na nani?"

"Na umevigusa?"

"Bwana si alisema maji baridi yanamwagika ovyo kiangazi hiki, niyapunguze? Nikaibana W."

Ruthu akakumbuka jambo. Kila asubuhi akifungua dirisha upepo ukaingia, bibi wa nyumba hujikunyata na shuka mpaka puani na kulia neno lile lile.

"Yotham. Bibi akisikia baridi anasemaje?"

"Anasema kalt, kal..." Yotham akakigeukia kile kigurudumu cha K. Taya likamshuka.

"Herufi ya kwanza?"

"Ka," akanong'ona. "Basi K ndiyo baridi, na W ndiyo ya moto! Mungu wangu, Ruthu. Nimeyakaba maji ya moto kwa mkono wangu mwenyewe."

"Herufi za Mjerumani unazisoma Kiswahili! Zungusha, mwanamume wewe, zungusha!"

Askari alikuwa amekwisha kuingia uani, kiboko kwapani. Bwana akapita na taulo begani bila kuwatazama, akaufunga mlango wa bafu. Yotham akauma meno, akakizungusha kile chuma cha W mpaka mwisho.

Kisha bomba likakohoa, na ndani ya beseni la bati maji yakaanguka kwa ngurumo. Mvuke ukatoka dirishani. Bwana akapiga kelele, si za hasira, kelele za mtu aliyefurahi! Baada ya kitambo akachungulia dirishani, uso mwekundu.

"Kilikuwa nini?"

Yotham akafungua mdomo, Ruthu akamkanyaga mguu. "Maji yalikuwa yamebanwa njiani, bwana. Mume wangu ameyafungua. Kuni zote ziko pale pale."

Bwana akampungia askari mkono aende zake. Ruthu akapiga vigelegele hapo hapo, kwenye nyumba ya Mjerumani, akavirudia mpaka farasi bandani akashtuka. Kisha akaingiza mkono chini ya shati la mumewe, akampapasa mgongo wote, juu mpaka chini. Ulikuwa mzima.