Wimbo Juu ya Sauti ya Murielle

Jumanne ya tarehe 8 Agosti 2017, mke wangu Murielle alitoka nyumbani Bellevue saa moja asubuhi kwenda saluni kwake, mtaa wa pili, na hakurudi. Saa tano mteja wake alinipigia simu kazini Randburg, ninakolinda jengo la ofisi, akasema Murielle ameanguka akiwa anasuka. Nilipofika hospitali, daktari alikuwa ananisubiri mlangoni. Alisema mshipa wa kichwani ulipasuka, na kwamba hakuteseka. Binti yetu Chloé alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane.

Tulimzika hapa hapa Johannesburg. Mama yake, Mama Brigitte, alitazama mazishi akiwa Lubumbashi, kwenye simu, kwa sababu vijana wa kanisa waliyarusha moja kwa moja. Mtandao ulikatika jeneza likishushwa. Uliporudi, aliona watu wanakunja viti.

Simu ya Murielle ilipotea siku ile ile ya hospitali. Yangu nilikuwa nayo, lakini haikuwa na sauti yake hata moja. Murielle hakupenda kuandika, alituma sauti. Sauti ya kuniambia ninunue mkate, sauti ya kumcheka jirani, sauti ya kunigombeza kwa nini sijajibu sauti. Simu yangu ilijaa haraka, kwa hiyo kila Ijumaa nilizifuta zote ili ipate nafasi. Ijumaa ya mwisho kabla hajafa nilifuta sitini na kitu.

Nikabaki na video moja, ya ubatizo wa Chloé, Aprili 2016. Aliipiga Hénock, kijana wa Uvira anayepiga video za harusi na makanisa ya Wakongo, mwenye chumba cha kazi Braamfontein. Katika video hizo kuna desturi: baada ya chakula, kila mzazi hupewa kipaza sauti amwambie mtoto neno moja, ili aje alisikie akikua. Murielle anaonekana amesimama uani, amevaa kitenge cha njano, anaongea dakika mbili nzima. Mdomo unakwenda, watu nyuma yake wanacheka. Kinachosikika ni kwaya.

Ndivyo Hénock anavyofanya kazi. Anaunganisha picha, anaweka majina kwa maandishi ya dhahabu, kisha anatandaza wimbo juu ya kila kitu kuanzia mwanzo hadi mwisho, isipokuwa maneno ya wazazi. Lakini pale penye Murielle, wimbo niliuomba mimi. Alikuwa amenitania mbele ya wazee wa kanisa na mbele ya msimamizi wangu wa kazi. Wote walicheka, na mimi nilitazama viatu vyangu. Wiki ile nilimpigia Hénock nikamwambia, pale anapoongea mke wangu, weka wimbo.

“Usijali, Papa Chloé,” alijibu. “Wanaume wote wanaombaga hivyo.”

Murielle alipoitazama video aliuliza maneno yake yako wapi. Nilimwambia kipaza sauti kiliharibika. Akasema, “Eish, basi. Nitamwambia tena siku ya ndoa yake.”

Hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Julai 2018, mwaka ukikaribia kutimia, Mama Brigitte alinipigia. Ndugu walikuwa wanajiandaa kuondoa matanga, huku kanisani na kule Lubumbashi siku moja, na Hénock alikuwa ametakiwa kutengeneza video ya picha za marehemu.

“Baba Chloé, minaomba kitu kimoja tu,” alisema. “Picha niko nazo. Nisikie sauti ya mutoto wangu. Haiko hata kidogo?”

“Nitaangalia, mama,” nilisema.

Nilijua haipo. Nilikuwa nimeichezesha ile video mara nyingi, nimeweka sikio kwenye spika, nimejaribu kumtoa Murielle chini ya kwaya. Mara moja tu nilidhani nimesikia herufi moja ya jina langu.

Jumamosi nilikwenda Braamfontein na Chloé mgongoni. Chumba cha Hénock kiko ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa mbovu. Nilimkuta anahariri harusi, kikombe cha chai juu ya kibodi.

“Nataka uitoe kwaya,” nilimwambia. “Ibaki sauti yake.”

“Kutoka kwenye ile niliyokupa? Haiwezekani. Ile imekwisha kupikwa. Picha, wimbo, sauti, vyote vimekuwa kitu kimoja. Ukishapika, chumvi haitoki.”

Nilikaa. Chloé alianza kubonyeza spika ya Hénock, naye hakumkataza. Nadhani aliuona uso wangu.

“Ngoja kwanza,” alisema. “Nilisema ile niliyokupa. Mimi nilipokuwa nafanya montaji, kuziunganisha picha, vitu vilikuwa bado havijachanganyika. Tazama.”

Alinionyesha ile harusi. Kioo kilikuwa na mistari mirefu, mmoja juu ya mwingine. Wa juu ni picha, chini yake majina, chini yake wimbo, na chini kabisa mstari uliokuwa umefifia rangi. “Huu wa chini ni sauti ya kamera,” alisema. “Siukati. Nauzima tu, kama taa. Sina muda wa kukata sauti za watu.”

“Kwa hiyo ya Murielle ulizima?”

“Ya wote wanaoomba wimbo nazimaga.”

Alitafuta ubatizo wa Chloé kwenye kompyuta, akaupata, akaufungua. Mistari ilijitokeza yote minne, na hapo nilisimama. Lakini mahali pa picha palikuwa pekundu tupu, na maandishi ya kusema mafaili hayaonekani.

Hénock alishika kichwa. “Hii ni mpango tu, Papa Chloé. Inasema picha gani ikae wapi. Picha zenyewe na sauti zilikuwa kwenye diski ya nje.”

“Diski iko wapi?”

“Mwaka jana nilinunua mpya. Ile ya zamani…” Alivuta droo moja, akaifunga. “Kadi za kamera nafutaga kila wiki. Kama na diski niliifuta, basi.”

“Uliifuta?”

“Sikumbuki. Iko nyumbani.”

Nyumbani kwake ni Bellevue, nyumba tatu kutoka kwangu. Alinakili ule mpango kwenye laptopu yake, akafunga chumba, tukaenda pamoja. Njiani nilikuwa nahesabu Ijumaa zangu zote. Nilijiambia kwamba mtu anayefuta vya kwake hana haki ya kumlaumu anayefuta vya kazi.

Diski ilikuwa ndani ya boksi la viatu juu ya kabati, pamoja na chaja zilizokufa. Hénock aliiunganisha na laptopu yake kitandani. Iliwaka, ikazunguka, ikatoa mlio wa kukwaruza, ikanyamaza. Akaichomoa, akabadili waya, akachomeka tena.

“Usiiguse, Chloé,” alisema. “Wewe ndiye mwenye ubatizo, lakini usiiguse.”

Folda zikatokea. Zilikuwa na filamu za kaka yake, nyingi mno, na katikati folda moja aliyoiandika kwa haraka: *bébé ya Mutanzania*.

“Samahani,” alisema. “Sikuwa najua jina lako vizuri.”

Aliuelekeza ule mpango kwenye folda. Pekundu pakaondoka kipande kwa kipande, uani pakaonekana, kitenge cha njano kikaonekana. Akauzima mstari wa wimbo. Akauwasha ule wa chini.

Kwanza palikuwa na upepo na sahani. Kisha Murielle akakohoa.

“Chloé, miye mama yako. Ule baba unamuona pale na koti, ni baba yako. Ni Mutanzania, anaombaka samahani hata kwa mulango. Siku ya kwanza alikuja kwa saluni kuniuliza njia ya Randburg. Siku ya pili akauliza tena Randburg. Siku ya tatu nikamuambia, baba, njia weye unaijua, kinywa ndiyo kimekupotea.” Watu wakacheka, na yeye akangoja wamalize. “Lakini sikia, mutoto. Akikuambia nitakuja saa kumi, saa kumi yuko kwa mulango. Miye nilitoka Lubumbashi mpaka hapa, sikuona mutu mwingine wa namna ile. Basi. Kula keki.”

Sehemu ile ya mwisho sikuwa naikumbuka. Siku ya ubatizo nilikuwa natazama viatu vyangu, na baada ya hapo nikaomba wimbo.

Hénock aliniachia chumba akaenda kusimama nje. Chloé alinyoosha kidole kwenye kioo, akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye hujibu kwa Kiingereza tu, “Mama anasema keki.”

Jumamosi ya tarehe 11 Agosti tuliondoa matanga. Hénock alipitisha picha zote na wimbo, kama kawaida, kisha wimbo ukakoma na Murielle akaongea peke yake. Ukumbi ulicheka pale pale ulipocheka mara ya kwanza. Msimamizi wangu alinipiga begani. Kutoka Lubumbashi, kwenye simu, Mama Brigitte alisema mwishoni, “Eeh. Ni yeye.”

Nilitoka nje na simu. “Mama, ni mimi niliyeomba afunikwe na wimbo. Nilimdanganya kwamba kipaza sauti kimeharibika. Samahani, mama.”

“Samahani tena?” alisema. Nikasikia anacheka na kulia kwa pamoja. “Alijua, Baba Chloé. Aliniambia wakati ule ule. Alisema, ‘Bwana wangu iko na haya, nimemuachia.’ Rudi ndani, watu wako wanakungoja.”

Niliingia ndani nikala, mara ya kwanza mwaka ule kumaliza sahani.

Sasa maneno ya Murielle yapo sehemu tatu: kwenye simu yangu, kwenye diski mpya ya Hénock, na Lubumbashi kwa mama yake. Chloé huyasikiliza Jumapili baada ya kanisa, mara mbili, kisha anaomba katuni.