Abiria Aliyeitwa Tupu

Usiku wa kuamkia leo niliota lori langu limeingia sebuleni. Lilivua viatu mlangoni, yaani matairi yote sita, likakaa mezani kusubiri chakula.

Sikushangaa. Nilihofia kiti tu. Mke wangu Subilaga alikuwa anapakua wali, akaliuliza kama linapenda mchuzi. Likajibu linakula dizeli, na lisipunjwe, maana kesho lina mlima.

Mlima wenyewe ni wa Chunya. Mimi ni dereva, na gari ni langu. Nabeba sukari, unga na sabuni kutoka Mbeya, napeleka maduka ya Chunya hadi Makongolosi. Juzi mfanyabiashara mmoja, Bwana Mwakalukwa, alitaka nimbebee mizigo ya maduka yake yote mwaka mzima. Nauli aliyotaja ilikuwa nzuri hata nikamnunulia Subilaga kitenge kabla sijaipata. Alitaka jibu leo asubuhi, nami nilikuwa nalo: ndiyo.

Basi lori likala. Breki nazo zikaja na sahani zao. Bima ikaja imevaa suti, ikala pia. Zamu yangu ilipofika sufuria lilikuwa limebaki ukoko. Subilaga akanipa, akasema hiyo ni haki ya mwenye gari. Nikauliza, na dereva? Akasema wagawane. Nikagawana na mimi mwenyewe, na mwenye gari akachukua kipande kikubwa.

Nainua uso, niko mizani ya malori barabarani. Jua la saa sita linawaka, sebule haipo. Ofisa wa mizani ni kabichi, kabichi la kawaida, limevaa kofia. Linakagua gari, linasema mzigo hauna shida. Shida ni nauli.

Linaiweka nauli yangu juu ya mizani. Nusu inatulia. Nusu inapeperuka na upepo kuelekea Mbeya.

“Ya kwenda ina uzito,” likasema. “Ya kurudi haipo. Ukirudi unabeba nini?”

Nikasema narudi tupu.

“Haya, huyo Tupu ashuke tumwone.”

Kweli alikuwemo, amekaa kiti cha abiria. Mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, na kupitia kifua chake niliuona mgongo wa kiti. Akanisalimia kwa jina langu, Ambakisye, habari za safari. Akaeleza kwa upole kwamba amekuwa akipanda na mimi kutoka Makongolosi tangu niliponunua gari. Nikamuuliza mbona hajawahi kulipa. Akasema sijawahi kumdai, na pia hana mfuko.

Kabichi likaturuhusu.

Tunakwenda. Tupu ni mwepesi, lakini lori linahema. Kila baada ya mwendo kidogo tairi linajibandua tabaka moja, linampitishia dirishani, naye analila polepole kama chapati. Nikakumbuka safari zangu zote za kurudi, jinsi nilivyokuwa naimba nikidhani kazi imekwisha, na kumbe mtu anakula pembeni yangu. Nikamwambia ashuke.

Hakukasirika. Alisema hata yeye amechoka, ila hawezi kukiacha kiti bila mwenyewe.

Barabara ikawa baraza la nyumba, Makongolosi. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa kati ya ndoo za asali zilizofika hadi kwenye paa. Akajitambulisha kuwa ni Nyamizi, mrina asali. Alisema ndoo zake zinasubiri gari la kwenda Mbeya, lakini malori yote hupita mbio.

“Wewe si ndiye yule anayepita akiimba?” akaniuliza.

Nikakubali.

“Kwa wimbo ule nilijua umejaza.”

Hatukutaja bei. Alisema bei haizungumzwi mdomo mkavu, akafungua ndoo moja. Nikachovya kidole gumba, nikalamba. Ilikuwa asali ya porini, nzito, inakwaruza koo kidogo.

Tupu akaona kiti kimepata mwenyewe, akateremka na kunipa mkono. Kuushika ilikuwa kama kuingiza mkono katika shati lililoanikwa.

“Mwambie Mwakalukwa nauli ni ya kwenda na kurudi,” akasema. “Akikataa, atampata dereva mwingine atakayekubali. Mimi nitapanda kwa huyo.”

Alisema bila majivuno. Nilimhurumia, na huyo dereva mwingine nilimhurumia zaidi.

Nikaamshwa na Subilaga. Kumekucha, simu inaita. Alikuwa Bwana Mwakalukwa. Nilimwambia nauli yake inanifikisha Makongolosi, hainirudishi. Aongeze, au mkataba uniruhusu kurudi na mzigo wa mtu mwingine. Akasema nipite dukani kwake tukae tuzungumze, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyekataa.

Nikaweka simu chini. Subilaga alikuwa ananitazama mkono.

Sisimizi walikuwa wamepanda kwa mguu wa kitanda, wamempita yeye bila kumgusa, wakafuata ukingo wa shuka kwa mstari mmoja hadi kwenye kidole changu gumba. Hapo walikuwa wamejazana, wanalamba.

“Asali umeila wapi?” akaniuliza. “Humu ndani hatuna.”