Honi ya Kona

Kona ile ilikuwa na mzimu wake, au ndivyo madereva walivyoapa. Ukipita bila kupiga honi, walisema, utamwona kwenye kioo mtu mweupe pe, ameketi kiti cha nyuma, anakuuliza, "Salamu zimekushinda?" Basi kila gari lilipiga honi pale, hata wale wanaojidai hawaamini mambo hayo.

Mshonaji alikichukia kisa hicho kama nini. Mtu mweupe alikuwa mumewe. Alikuwa kibarua wa barabara, akipaka chokaa mawe ya kandokando, na gari lilimgonga pale pale konani, chokaa imemtapakaa hadi kwenye kope. "Mume wangu hakuwahi kutisha hata kuku," alikuwa akifoka, "leo mmemgeuza zimwi!" Tangu msiba hakuikanyaga barabara ile. Alizunguka njia ya mtoni.

Asubuhi hiyo mto ulikuwa umefurika, na binti yake yuko zahanati, uchungu umemshika, anamwita mama. Mdogo wa marehemu mumewe akaleta pikapu.

"Nipeleke. Lakini honi usiguse."

"Shemeji, ukungu wote huu..."

"Usiguse, nimesema!"

Shemeji akafyata mkia. Walipofika karibu na kona, hata mawe hayakuonekana. Mara honi nzito ya lori ikalia upande wa pili, kisha ikanyamaza, ikingoja jibu. Shemeji akamtupia jicho, mkono hewani. Mshonaji akajirusha mbele ya shemeji, akaikandamiza honi kwa viganja vyote viwili.

Lori, lililokuwa limejiachia katikati ya barabara, likarudi upande wake, likapita nusura likwangue mlango. Dereva wake akachungulia: "Afadhali, mama! Mzee kasalimiwa!"

Mshonaji akalia, akacheka, akalia tena. Mumewe yule, aliyegombana na kila mtu apitaye bila salamu! Tangu azikwe hakuna mwingine aliyefia kwenye kona ile, na yeye kwa hasira zake hakuwahi kulifikiria hilo.

Jioni walirudi, kweupe, barabara yote inaonekana. Binti alikuwa amejifungua salama. Karibu na kona shemeji akapunguza mwendo, mikono mbali na honi, akijifanya hana habari.

"Piga," alisema mshonaji. "Piga ndefu. Mwambie kaka yako ameshakuwa babu."